Mwongozo wa kutembea msituni Shimba Hills: mimea na wanyama wa ile njia ya juu ya korongo

Likizo za shule zikikaribia tu maswali ni yale yale: Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama kule Kwale, twaenda vipi, lazima gari, tutaona simba, nyoka je, mtoto wa miaka minane ataweza? Nimeona bora niandike yote pamoja, anayetaka asome kabla hajavuka feri.

Hapa nazungumzia ile njia ya msituni inayoanzia Elephant Lookout, mahali pa kutazamia mandhari, inapita ubavuni mwa kilima juu ya korongo halafu inateremka mpaka maporomoko ya Sheldrick. Ni kama kilomita 2 kwenda, si mbali, lakini kurudi ni kupanda mwanzo mwisho. Watu wetu wengi wa Mombasa wakifika pale wanakimbilia chini kwenye maji, wapige picha, wapande, wawahi feri. Maporomoko ni mazuri, mita 21 hivi za maji yanadondoka katikati ya msitu, sikatai. Lakini msitu wenyewe uko njiani, na kile kipande cha juu ambacho watu wanakipita mbio ndicho kinachoonyesha vitu vingi zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu wote ni wa kutembea polepole. Kama wataka kufika maporomoko tu, hatua ya 1 mpaka ya 4 zakutosha.

Na simba usiende na tamaa hiyo. Nenda na tamaa ya ndovu, mbega, hondohondo na miti.

Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho. Bei ya raia na ya mgeni hazilingani kabisa, na langoni watataka kuona.
- Maji lita moja na nusu mpaka mbili kila mtu, kwenye chupa ya kutumia tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na bado watu wanakuja na katoni nzima ya maji kwenye buti, halafu wanaanza kubishana na askari.
- Raba au buti zenye meno chini. Ndara na champali acha nyumbani.
- Suruali ndefu na soksi ndefu, rangi ya kaki, kijivu au kijani iliyokolea. Bluu na nyeusi usivae, sababu nitasema chini.
- Leso moja kuukuu. Utaikalia, utajifutia jasho, utajifunika jua.
- Daftari dogo na penseli, kwa sababu kalamu ya wino ikilowa imekwisha.
- Darubini kama waeza kuazima. Kama huna, nenda tu.
- Simu imejaa chaji, na programu ya iNaturalist kwa mimea na wadudu, Merlin kwa sauti za ndege. Pakua data ya ndege wa Kenya ukiwa bado nyumbani, kule mtandao unakuja na kuondoka.
- Mahamri, ndizi, tende, vitu kama hivo. Usibebe biriani, harufu yake inaita nyani kutoka mbali.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Masika, yaani Aprili mpaka Juni, njia inakuwa tope na mawe yanateleza, mwanzilishi asianze hapo. Wakati mzuri ni wa kaskazi, Januari na Februari, au kuanzia Julai mvua zikishapungua. Ila mvua kidogo wiki iliyopita si mbaya, vyura na maua huwa wengi. Na jua kwamba vile vilima viko juu ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, asubuhi kunakuwa na ukungu na kibaridi ambacho mtu wa Kisauni hakukizoea, beba kitu chepesi cha kujifunika.

2. Lipa kabla ya kufika. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawapokei pesa taslimu, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Fanya ukiwa na mtandao mzuri, na hifadhi risiti kwenye simu kama picha. Nimeona familia zimesimama langoni saa nzima wanahangaika na nywila waliyoisahau, watoto wanalia garini. Bei siandiki hapa, zinabadilika, angalia kwenye mtandao wao siku hiyo hiyo.

3. Safari. Kutoka kisiwani unavuka feri ya Likoni, unashika barabara ya Lungalunga mpaka Kombani, hapo unakata kulia kupanda Kwale. Ukitokea upande wa Miritini au Mariakani pita Dongo Kundu, feri huna haja nayo. Lango kuu liko mbele kidogo ya mji wa Kwale. Matatu za Likoni–Kwale ziko nyingi, lakini zitakuacha nje, na ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu mwenyewe barabarani, kuna ndovu na nyati. Kwa hiyo ndio, gari lahitajika. Changeni watu wanne watano mkodi moja, inakuwa nafuu.

Amka mapema. Matembezi ya maporomoko na renja kawaida huanza saa nne asubuhi pale Elephant Lookout (thibitisha langoni), na kabla ya hapo una muda wa kuzunguka na gari kwenye nyasi kumtafuta palahala, swala mkubwa. Huyu hatakuja msituni, anapenda uwanda wa nyasi pembeni ya miti. Dume ni mweusi kabisa na tumbo jeupe, jike ni wa kahawia, pembe zimepinda kwenda nyuma mpaka karibu ziguse mgongo. Kenya nzima palahala wa porini wako hapa tu. Tafadhali usiupite uwanda ule ukiwa unaangalia simu.

4. Ongea na renja kabla ya kuanza. Renja mwenye bunduki anatembea na nyinyi, hiyo si mapambo. Msalimie vizuri, muulize: ndovu wamepita wapi leo asubuhi, mti gani una matunda sasa hivi, wapi pana upupu. Hilo la matunda ni muhimu kuliko maswali yote, maana mti wenye matunda yaliyoiva unakusanya ndege, kima na mbega pamoja, na yeye anaujua. Mwambie pia kwamba nyinyi mwataka kwenda polepole na kusimama simama. Usipomwambia atawapeleka mbio kama wote, kwa sababu wageni wengi ndivo wanavotaka.

Ndovu wa hapa wana historia ya kubanwa na nafasi. Mwaka 2005 KWS walihamisha 150 kuwapeleka Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi. Msitu ni mnene, unaweza kuwa hatua ishirini kutoka kwa ndovu na usimuone. Renja akiinua mkono, simama hapo hapo, sentensi uliyokuwa unaongea ikatie katikati.

5. Simama dakika kumi mwanzoni mwa njia. Hapa ndipo watu wananiona mgumu. Lakini mkiingia watu sita na raba zenu na vicheko, kila kitu kimeshanyamaza kitambo. Simameni kivulini, msiongee. Dakika ya tatu nne utasikia majani makavu yanachakurwa chini: mara nyingi ni kororo, ni kama kanga lakini ana kishungi cha manyoya meusi kichwani, wanatembea kundi. Au ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kuchezacheza, anakimbia kwa miguu myembamba halafu anasimama ghafla. Anajenga kiota cha majani makavu chini, ukiona chungu cha majani kilichokaa kwa mpango usikipige teke.

Gawanya macho mara tatu: kwanza chini kwenye majani makavu, halafu usawa wa kiuno, halafu juu. Wanaoanza huwa wanaangalia juu peke yake, shingo zinauma na hawaoni kitu.

6. Anza na miti mitano, usitake yote. Shimba Hills ina mimea mingi adimu, wataalamu wenyewe wanakuja na mashinikizo ya kukaushia majani na bado wanakuna vichwa. Wewe jifunze hii tu:

Mbambakofi. Mti mkubwa, gome la kijivu linalobanduka vipande vya mviringo. Tafuta maganda yake chini, manene na magumu kama ubao, ndani mna mbegu nyeusi tititi zenye kofia nyekundu ya kung'aa. Ukishaiona mbegu moja hutausahau mti huu. Mbao zake ni za milango na vyombo vya baharini tangu zamani.

Mwavi. Mara nyingi unaota pamoja na mbambakofi, hasa kwenye miteremko. Gome lake ni sumu kali, ndio ule wa kiapo cha mwavi cha wazee. Usitafune, usivunje jani ukanusa ukajipangusa mdomo, mwambie na mtoto.

Mvule. Shina limenyooka kwenda juu, ukiona jani lake limekatika au gome limekwaruzwa na ndovu kuna utomvu mweupe kama tui.

Msandarusi. Majani yanatoka mawili mawili. Angalia shina, waeza kukuta sandarusi yenyewe imeganda, ya manjano, inapitisha mwanga. Hii ilikuwa biashara kubwa ya pwani, inasafirishwa kutengeneza vanishi. Tazama, piga picha, iache hapo hapo.

Saikadi. Kila mtu anauita mnazi mchanga au mkindu. Chutama uangalie: majani madogo pembeni yana vimeno vya kuchoma, na katikati badala ya karara kuna kitu kama nanasi refu la manjano. Ni jamii ya mimea ya kale sana, ilikuwepo kabla ya mimea ya maua. Biashara ya kimataifa ya saikadi za porini imekatazwa, na watu bado wanaziiba kupanda kwenye bustani zao. Ukiona mtu anachimba, mwambie renja.

Kwa kila mti andika mambo manne: gome, jani limekaaje kwenye tawi, kuna utomvu au la, nini kimeanguka chini. Kosa kubwa la wanaoanza ni kupiga picha ya jani moja kwa karibu halafu nyumbani wanauliza "huu ni mti gani". Jani moja halitoshi. Piga shina, tawi zima, na tunda kama lipo.

7. Kile kipande cha juu ya korongo. Baada ya kuteremka kidogo utafika mahali ambapo upande mmoja ardhi inaanguka na miti inayoota chini kwenye korongo vichwa vyake viko usawa wa macho yako. Kaeni hapo. Tandika leso. Nusu saa kama mnaweza.

Nasisitiza kwa sababu mahali pengine popote msituni unaviona vichwa vya miti kutoka chini, matumbo ya ndege tu na anga nyuma yake linakuumiza macho. Hapa unatazama ng'ambo. Mbega huyo amekaa kwenye tawi: mweusi, manyoya marefu meupe mashavuni na mabegani, mkia umening'inia chini, anatafuna majani kwa utulivu wake. Usimchanganye na kima, ambaye ni wa kijivu, koo jeupe, na anahangaika tangu asubuhi haishi.

Sauti ya mtoto anayelia kwa uchungu ng'ambo ya korongo isikutie hofu, ni hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo mnene. Watasikika mabawa kabla hujawaona, yanavuma. Msimu wa kutaga jike anajifungia ndani ya shimo la mti, mlango unazibwa mpaka unabaki mwanya mwembamba, na dume anamletea chakula kupitia hapo wiki nyingi. Kwa hiyo ukimuona dume anaenda na kurudi kwenye shina lile lile, tulia, usisogee karibu wala kumpigia kelele, anayekula ndani anamtegemea yeye. Na angalia rangi nyekundu inayowaka ndege akiruka, mwili wa kijani: huyo ni kulukulu.

Onyo: kaa mita mbili kutoka ukingoni. Majani makavu yanaficha mahali ardhi imeliwa na maji. Picha ya kukaa miguu ikining'inia juu ya korongo haina maana kabisa, na mtoto asiachiwe mkono hapa.

8. Shuka kwa kusoma alama. Kinyesi cha ndovu kigeuze kwa kijiti: kikiwa na unyevu na kinapumua joto, mwite renja aone. Kikiwa kikavu chunguza, mna nyuzi za gome, mbegu nzima, na vidudu vinavyoviringisha. Mbegu nyingine zinaota humo humo. Shina lililopakwa tope juu ya kimo chako ni ndovu aliyejikuna.

Ukiinua gogo dogo lirudishe lilivyokuwa. Udongoni waweza kukuta kiumbe kama mnyoo mnene, mwili una mikunjo ya pete. Si mnyoo wala nyoka, ni jamaa wa vyura, na wataalamu walimpa jina la Changamwe yetu hii. Anakauka haraka, mfunike. Karibu na maji kuna pia chura mdogo wa matete, mgongo mweusi wenye michirizi myekundu, ambaye dunia nzima yuko kwenye vilima hivi tu. Mchana amelala, ukimpata una bahati.

9. Maporomoko. Mawe yanateleza, sana. Usiruke majini, hujui chini kuna nini. Angalia mikangaga inavyoota kwenye ukuta ule unaorushiwa maji. Kula, kunywa, takataka zote rudi nazo.

10. Kupanda. Anza kurudi ukiwa bado na nusu ya maji. Aliye mzito zaidi wa kutembea ndiye awe mbele nyuma ya renja, wengine wafuate mwendo wake. Ukifika garini andika daftari lako kabla ya kulala usingizi wa njiani, jioni utakuwa umeshachanganya mvule na mwavi.

Yakitokea haya

*Hatukuona mnyama.* Mmeongea, mmejipulizia manukato, au mmeenda haraka. Sa zingine pia ni bahati tu. Rudini kwenye kipande cha juu mkae tena, saa sita mchana hata wanyama wanapumzika.

*Mbung'o wanatuuma.* Bluu na nyeusi ndizo zinazowavuta, ndio maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Funga vioo vya gari mkiwa mwendoni maana wanafuata kitu kinachotembea. Wanauma kupitia nguo nyepesi, dawa ya mbu inasaidia kidogo tu.

*Siafu.* Usisimame kuwaangalia miguuni. Kimbia mbele hatua kumi kumi na tano, kisha watoe mmoja mmoja. Soksi juu ya suruali inaokoa.

*Upupu.* Yale maganda ya kahawia yenye vinywele vya kung'aa. Ukishaguswa usijikune wala usisugue, unavisukuma ndani. Bandika utepe wa gundi ubandue, pwani wengi hupaka majivu au udongo. Ile nguo itoe, usijipanguse nayo.

*Nyoka.* Wengi watakimbia kabla hujawaona. Wa kuangaliwa ni moma, analala njiani haondoki, kwa hiyo tazama unapokanyaga na usiweke mkono kwenye shimo. Mtu akiumwa: asitembee, kiungo kisichezeshwe, pete na saa zivuliwe, hospitali moja kwa moja. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba kwa nguvu.

*Ndovu yuko njiani.* Anayeamua ni renja. Mnarudi nyuma taratibu, pamoja, kimya. Hakuna picha.

*Picha zimetoka giza.* Msituni mwanga ni hafifu. Egemeza simu kwenye shina, gusa skrini pale penye mnyama, usitumie taa.

*Programu inataja jina la ajabu.* Inabahatisha, hasa kwa mimea ya pwani. Kubali jina la jamii tu, ongeza picha za gome na tunda, wengine wakusaidie. Na picha za saikadi au okidi adimu ficha mahali ulipozipiga, wezi nao wana simu.

*Mtoto ataweza?* Wa miaka minane aliyezoea kutembea, ndio, mkipumzika. Wa kubebwa, baki naye juu pale Elephant Lookout, mandhari yake yatosha.

*Pesa haitoshi mwezi huu.* Nenda Kaya Kinondo kule Diani, msitu mdogo mtakatifu wa Wadigo, wenyeji wenyewe ndio wanaotembeza wageni. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, utafuata masharti yao, na hutatoka na hata jani. Au anza na mibuyu ya Mama Ngina, kule ufukoni kisiwani Mombasa, jioni moja, daftari mkononi: gome, jani, utomvu, kilichoanguka chini.